Bi Bikari na Herufi Kubwa

Walioanza kugundua ni wanafunzi wa dawati la nyuma, wale ambao kwa kawaida hawaoni kitu. Mwaka ulipoanza, mwalimu wao wa hesabu alikuwa anamaliza somo zima kwenye ubao mmoja na bado anabakiwa na kona ya kuandikia kazi ya nyumbani. Kufikia katikati ya muhula, mfano mmoja tu ulikuwa unaujaza ubao. Namba zilinenepa. Pembetatu iliyokuwa ikitosha kiganjani ikawa na upana wa mlango. Watoto wa nyuma waliacha kunyoosha shingo, na mmoja wao, msema ovyo wa darasa, akamnong'oneza jirani yake kwamba siku hizi mwalimu anawaandikia hadi walio ng'ambo ya barabara.

Walimwita Bi Bikari. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa zamani kwa sababu aliweza kusimama mbele ya ubao, akakaza kiwiko, akazungusha mkono mara moja na kuacha duara kamili, bila bikari wala uzi. Hakuna aliyelitamka mbele yake, ila alilijua, na halikumkera. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye akicheka darasani watoto hutazamana kwanza kuhakikisha kwamba wote wameona.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa friji. Mabinti wao wawili walikwisha kuolewa mbali, na vyumba walivyoacha vilijaa mota, waya na mipira ya milango. Wenyewe kwa wenyewe waliitana kwa kazi zao. Yeye alimwita mumewe Fundi, naye akamwita Mwalimu, na mgeni angeweza kudhani kuwa walikutana asubuhi ile ile.

Tatizo la macho lilianza kama uchafu kwenye miwani. Aliifuta kwa kanga, akaifuta kwa pamba, akanunua kitambaa maalumu, lakini ukungu ule haukutoka. Ulikaa katikati. Akimtazama mtu usoni, aliona masikio na mabega, ila pua na macho vilikuwa vimefutika kama vile mtu kapitisha kidole chenye maji juu ya picha. Akisoma sentensi, neno lile hasa alilotaka kulisoma ndilo lililopotea, na majirani zake wakabaki.

Hakumwambia mtu. Alijitengenezea mbinu zake. Aliwatambua walimu wenzake kwa mwendo na sauti. Mchele alianza kumwachia mumewe auchambue, akisingizia kazi ya kusahihisha. Na ubaoni aliandika kubwa, kila wiki kubwa kidogo kuliko wiki iliyopita, kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe hakukihisi.

Wa kwanza kulalamika hakuwa mtu wa shule, bali wifi yake, dada wa fundi, mshonaji mwenye cherehani yake karibu na kituo cha afya. Alikuja siku moja akiwa amejaa hasira, hata kiti alichovutiwa hakukalia.

"Kaka, mkeo nimemkosea nini? Jana kanipita hivi," akasema, akipitisha mkono mbele ya uso wake. "Namwambia wifi za kutwa, ananipita kama nguzo ya umeme!"

"Labda alikuwa na mawazo," fundi akasema.

"Mawazo gani yanayoziba masikio?"

Kumbe sauti ya wifi ilikuwa imemezwa na lori lililokuwa likipita, na uso wake ulikuwa umeangukia pale pale kwenye ukungu. Bi Bikari aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Angeweza kutoka na kueleza. Badala yake alifungua bomba la maji, akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali peke yake. Daktari, mwanamke mdogo kuliko binti yake mkubwa, alimwekea dawa ya kupanua mboni, akamulika, akaandika, akamulika tena. Kisha akasogeza kiti.

"Mama, pale ndani nyuma ya jicho kuna sehemu ndogo ya katikati inayosomea, inayotambua sura. Hiyo ndiyo inayokufa. Macho yote mawili."

"Miwani mipya je?"

"Haitasaidia. Kwa hali yako sina dawa ya kuirudisha." Daktari akaweka kurunzi yake chini. "Ila pembeni utaendelea kuona. Hutagonga ukuta. Jizoeze kutazama kwa pembeni. Na unachotaka kusoma, kikuze. Kikiwa kikubwa, kitatokeza nje ya lile doa la katikati."

Bi Bikari akaikunja miwani yake. "Kwa hiyo jicho halitengenezeki, kinachotengenezeka ni kitabu."

"Unaweza kusema hivyo," daktari akajibu, akamwandikia tarehe ya kurudi kwa namba ambazo mgonjwa wake hakuziona.

Kutoka pale alipitia duka la fotokopi nyuma ya shule. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu, alizoea kumpigia chapa mitihani. Siku hiyo Bi Bikari alimpa kitabu cha hesabu cha darasa la saba.

"Nikuzie hii sura yote. Mara mbili."

Sura yenyewe, kama ilivyotokea, ilihusu kugeuza maumbo: kulisogeza umbo, kulizungusha, kulipindua kama kwenye kioo, na mwisho kulikuza au kulipunguza. Mwenye duka aliweka ukurasa, akabonyeza, akatoa karatasi, akaguna.

"Mwalimu, mara mbili haiingii. Inatoka robo tu ya ukurasa. Mashine imeanza vituko vyake."

"Mashine nzima. Weka robo robo."

"Ukurasa mmoja karatasi nne? Umesema mara mbili!"

"Urefu mara mbili, na upana nao mara mbili," mwalimu akasema. "Mbili ikienda chini na mbili ikienda pembeni, zinazaa nne. Hata kitambaa cha meza ni hivyo hivyo."

"Hee! Ndiyo maana kitenge cha wifi yangu hakikutosha pazia," mwenye duka akasema, akacheka mpaka akajishikiza kwenye mashine. Hakuuliza kwa nini mwalimu anataka kitabu kikubwa. Alidhani ni cha kubandika darasani.

Karatasi hizo alizipeleka nyumbani kwenye mfuko wa unga na kuzisoma chumbani, akiwa amegeuza uso kama mtu anayesikiliza kinachosemwa chumba cha pili. Alifurahi kuona herufi zikirudi. Pembetatu ya ukurasa wa tatu ilikuwa ile ile, yenye pembe zile zile, hakuna kilichoharibika kwa kukuzwa. Aliandaa somo zuri. Ila madaftari ya wanafunzi yasingeweza kupelekwa yote kwenye fotokopi, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia.

Alikuwa amewapa zoezi la kuchora pembetatu na kuikuza mara mbili kutoka nukta yoyote watakayoichagua wenyewe. Wengi waliweka nukta hiyo mbali na umbo, kama ya ubaoni. Msichana mmoja, kiranja wa darasa, mtoto mwangalifu aliyekuwa na tabia ya kuchonga penseli yake mpaka inachoma, aliiweka kwenye kona moja ya pembetatu yenyewe. Ukifanya hivyo, kona hiyo haiendi popote. Pande mbili zinarefuka papo hapo, na umbo dogo linabaki ndani ya kubwa, kama mtoto aliyekalia kona ya mkeka wa mama yake. Pembetatu ndogo aliichora kwa penseli, kubwa kwa wino.

Bi Bikari aliona ya wino tu. Akaandika sifuri, na chini yake, kwa herufi zilizoshuka mistari mitatu: UMBO LA KWANZA LIKO WAPI?

Mama wa mtoto huyo hakuwa mtu wa kuja shuleni kugombana. Alikuwa mpokeaji wageni katika ofisi fulani na alikuwa amezoea kusema kwa upole. Alikuja mapumziko ya saa nne, akabisha hodi chumba cha walimu, akasalimia wote.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Mtoto amelia tangu jana. Mimi hesabu zilinishinda, sijui kitu, lakini naona hapa pametoka pembetatu mbili. Nikasema nije unieleweshe."

Bi Bikari alipokea daftari, akaenda nalo dirishani. Akalishika mbele ya uso, kisha kichwa chake kikageuka, macho yakaelekea nje, kwenye mti wa uani. Akakaa hivyo kwa muda. Walimu waliokuwa wakinywa chai waligeuza viti.

Yule mama akasogea taratibu. "Mwalimu... mbona unatazama nje? Daftari liko hapa."

"Nikilitazama lenyewe silioni," Bi Bikari akasema.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayetaja jibu la swali. Kisha akalisogeza daftari karibu zaidi, akalipeleka kushoto, akalirudisha, mpaka mstari wa penseli ukajitokeza kwenye ukingo wa kile alichokuwa bado anakiona.

"Ipo," akasema. "Iko ndani. Amefanya sawa. Tena kuliko wenzake." Akatafuta kalamu yake nyekundu kwa kupapasa mfukoni. "Macho yangu yana ugonjwa, mama. Mwambie mtoto sifuri ile ilikuwa yangu."

Yule mama alikuwa amekuja na hotuba fupi aliyoifanyia mazoezi njiani, na sasa hakuwa na pa kuitumia. Akamshika mwalimu mkono. "Pole. Pole sana, jamani." Hakujua aondoke au akae, akaishia kupanga vikombe vya chai vilivyokuwa mezani.

Habari ilimfikia mwalimu mkuu kabla kengele haijalia. Alikuwa mtu mwenye haki na woga kwa pamoja. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akaufungua tena kwa sababu ya joto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekupunguzia. Kuna stoo ya vitabu, inahitaji mtu."

"Stoo ina vitabu," Bi Bikari akasema. "Vina maandishi madogo."

Mwalimu mkuu alitaka kucheka, akajizuia. Alisema wazazi watauliza. Alisema mtihani wa mwisho hauko mbali. Alisema mambo mengi ya kweli, na Bi Bikari aliyasikiliza yote akiwa amemgeuzia shavu, jambo ambalo mwalimu mkuu alilitafsiri kuwa ni kiburi, kumbe alikuwa anamtazama vizuri kuliko wakati wowote tangu aingie. Mwisho Bi Bikari akasema, "Nipe muhula mmoja. Kusahihisha nitatafuta njia. Kufundisha najua. Watoto wakianguka, nitaondoka mwenyewe bila barua."

Mkuu akakubali, kwa namna ya mtu anayekubali kwa sababu hajapata sentensi ya kukatalia.

Jioni ile alimkuta mumewe amelala chali chini ya friji ya mteja, miguu tu ikiwa nje. Aliona ni rahisi zaidi kuisemesha miguu. Akamweleza yote: daktari, doa, karatasi, daftari la yule mtoto.

Miguu haikusogea. Kisha sauti ikatoka chini. "Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini."

"Ulijuaje?"

"Mwalimu, wewe uniachie mimi mchele, miezi yote hii? Nilifikiri umenichoka, unanitafutia kazi."

Akatoka, akajifuta grisi, akakaa chini kando yake. Hakumwambia kwamba yatapita. Fundi alikuwa mtu anayetaka kuona mahali penye hitilafu kwanza. Akaanza kumhoji: anaona nini zaidi, cheusi juu ya cheupe au cheupe juu ya cheusi? Karibu au mbali? Mwanga utoke upande gani? Mkewe alijibu moja moja. Cheusi juu ya cheupe ndicho alichokiona vizuri zaidi. Ubao wa shule, kwa miaka yote hiyo, ulikuwa kinyume.

"Na sisi tuna vitu vyeupe vingapi hapa?" fundi akauliza, akionyesha uani kwa bisibisi.

Pale uani, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na milango ya friji zilizokufa, imeegemezwa mmoja juu ya mwingine. Fundi aliing'oa mipira, akaisugua milango kwa sabuni, akaifunga miwili miwili kwa bawaba ili ikunjuke kuwa ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu nyeusi. Dadake alikuja kuona ni kelele gani, na kaka mtu akamweleza huku akigonga nyundo. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, gauni la mteja likiwa begani. Kisha akaingia jikoni, akasimama karibu kabisa na Bi Bikari, akasema, "Wifi, ni mimi. Ungeniambia, ningekuwa napiga kelele."

"Unapiga siku zote," Bi Bikari akasema, na wote wawili wakacheka, mmoja wao akifuta machozi kwa pindo la gauni alilokuwa hajamaliza kulishona.

Siku milango ilipofika shuleni juu ya mkokoteni, darasa lilisimama kama linalopokea wageni. Msema ovyo akauliza kama kuna maji baridi. Bi Bikari akamwambia afungue aone. Kisha, kabla ya lolote, akawaeleza watoto juu ya macho yake, kwa ufupi, na akawapa sheria mpya: anayetaka kujibu aseme jina lake badala ya kunyoosha mkono, na michoro yote ichorwe kwa kalamu nene nyeusi, ukurasa mmoja umbo moja. Kusahihisha, mwalimu mwenzake mmoja angekaa naye na kumsomea.

Wiki hiyo hiyo aliwatoa nje na kamba. Alisema karatasi ni ndogo mno kwa somo hili, watalifanyia uwanjani. Alipiga kigingi kimoja ardhini na kukikanyaga. Hapo ndipo palipokuwa kitovu, nukta ya kukuzia. Mbele kidogo watoto walipanga vigingi vinne, umbo la mstatili. Kutoka kitovuni walivuta kamba mpaka kwenye kila kona, kisha wakaenda mbele zaidi kwa urefu ule ule, wakapiga kigingi kipya. Walipozungusha kamba kwenye vigingi vipya, mstatili wa pili ukalala uwanjani, mkubwa, umenyooka kama wa kwanza.

"Pimeni pande," akasema.

"Mara mbili, Mwalimu!"

"Pimeni pembe."

Kipimapembe cha mbao kikapelekwa kona hadi kona. "Hazijabadilika."

"Sasa ingieni kwenye mdogo, msimame mkibanana."

Waliingia kumi, mabega yakigusana. Akawauliza, mkubwa utaingia wangapi? Sauti nyingi zikasema ishirini. Ishirini wakaingia, wakaelea humo. Wengine wakaongezwa, na wengine, mpaka darasa lote likaisha, na bado kulikuwa na nafasi ya watu wachache. Kiranja akakimbia kuomba wanafunzi wa darasa la sita. Ulipojaa walikuwa arobaini, wanasukumana na kupiga kelele, na mwalimu wa michezo alitoka mbio kuuliza nani kachimba uwanja wake wa mpira wa pete.

"Na tukikuza kwa nusu, Mwalimu?" kiranja akauliza, baada ya kutaja jina lake kama sheria ilivyotaka.

"Jaribu."

Mtoto akaikunja kamba katikati, akatembea nayo. Umbo likatoka dogo kuliko la kwanza, karibu zaidi na mguu wa mwalimu. "Limepungua! Tunaita kukuza na limepungua."

"Jina tumelipa sisi," Bi Bikari akasema. "Namba yenyewe haijali."

Watoto hawakuanguka katika mtihani. Hawakuvunja rekodi pia. Walifaulu kama wa miaka mingine, zaidi kidogo katika maumbo, pungufu kidogo katika hesabu za sehemu, ambazo mwalimu hakupata muda wa kuzirudia. Mwalimu mkuu alisoma matokeo, akaweka karatasi chini, na hakutaja tena stoo. Bi Bikari aliendelea kufundisha miaka michache mingine, mpaka mwanga wa asubuhi ulipoanza kumuumiza na mwalimu wa kumsomea madaftari alipohamishwa. Aliondoka mwisho wa muhula wa kawaida. Walimfanyia sherehe ndogo, yenye hotuba ndefu. Alipoombwa kusema neno, aliwashukuru, akawataja wote kwa majina kufuata sauti zao za kukohoa, akakosea mmoja tu.

Siku hizi yuko nyumbani. Doa halijakua kwa muda; daktari anasema huenda limesimama, huenda halijasimama. Asubuhi anatembea peke yake hadi sokoni, akiangalia mbele kwa kutazama pembeni, na wauza mboga wanadhani anawakagua kwa hila, hivyo hawampi nyanya zilizooza. Alichokipata ukubwani ni mpira. Hakuwahi kuupenda. Ila mumewe husikiliza mechi redioni akiwa kazini, naye amejikuta akivuta kiti karibu. Hagombani na marefa wala wachezaji. Anagombana na mtangazaji.

"Anasema kapiga kutoka pembeni," alisema Jumamosi iliyopita. "Pembe ipi? Umbali gani kutoka langoni? Mtu atachoraje?"

"Mwalimu, sikiliza, lile ni goli!" fundi akapiga kelele, koleo mkononi.

"Nimesikia ni goli. Nauliza limeingiaje."